Ukurasa Aliokunja Bi Skolastika

Mjukuu wangu Nasra ananisomea simulizi kwenye simu yake, alasiri, tukiwa tumekaa barazani hapa Ruangwa tunachambua mbaazi. Macho yangu yana mtoto wa jicho, la kulia limezidi, na daktari alisema nirudi. Sijarudi, foleni zimenichosha. Simulizi yenyewe ni ya wauza vitabu wa Kariakoo. Ukiwaona ni watu wa kawaida, wametandika vitabu vyao kando ya barabara, wanapatana bei na wapita njia, kumbe ukoo mzima una uchawi. Wanafunga majini ndani ya kurasa. Na kila mteja akisimama mbele yao, wanajua ni kitabu gani kinachomtafuta. Kuna msichana ameingia kufanya kazi kwao bila kujua ni watu gani, naye ameanza kusikia mambo. Nasra akifika panapotisha anashusha sauti. "Bibi, hapa usisinzie." Sisinzii. Siku moja nikamwambia, hao watu mimi nimekaa nao. Akacheka mpaka mbaazi zikamwagika. "Bibi, unanizingua." Nikamwambia nimekaa nao mwaka mzima, Nachingwea, nimewafulia na nimewapikia, na mwanamke aliitwa Skolastika Namkolya na mumewe Bruno Mchelenga. Nasra akaacha kucheka, maana anajua majina huwa sibuni. Watu wa kwetu mambo mengine tumeyasahau, lakini mimi jina la mtu likiingia halitoki.

Juma lile lile ikapigwa simu kutoka Nkowe. Esha binti Chilembo amefariki, anazikwa kesho. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, Nasra akadhani nimeshindwa kuizima, akaja kunizimia. Nilichokuwa nawaza ni kwamba sasa hakuna tena wa kumwendea. Kwa hiyo mwaka ule nauandika mwenyewe kwenye daftari, kwa herufi zangu kubwa, na Nasra atanyoosha panapopinda. Yaliyonitoa kwetu nayaacha. Waliokuwepo wanayajua, wasiokuwepo hayawasaidii. Naanzia pale nilipofika mlangoni kwa Bi Skolastika, nina miaka kumi na saba, na kifurushi cha nguo mbili.

Nyumba yao ilikuwa upande wa zamani wa mji, nyumba ya mabati iliyobaki tangu enzi za reli. Reli ilikwishang'olewa, na mataruma, mbao zilizolala chini yake, watu waliyachukua, na Mzee Bruno alikuwa amepata mengi. Ndiyo yaliyokuwa rafu za vitabu, mbao nene nyeusi zinazonuka mafuta jua likiwaka. Chumba cha mbele kilikuwa duka. Cha pili walilala wao. Cha tatu, kilichotengwa na duka kwa ukuta wa fito usiofika juu, nilipewa mimi pamoja na magunia ya karanga na sanduku la misalaba ya misheni iliyokosa wanunuzi. Nikijilaza pale nilisikia kila neno la dukani. Bi Skolastika alinihoji siku ya kwanza akiwa ameshika kijiko cha mchuzi.

"Unajua kupika?"

"Najua, mama."

"Unajua kusoma?"

"Najua."

"Umefika darasa la ngapi?"

"La saba."

Niliacha darasa la pili, tena katikati. Nilijua a, e, i, o, u na jina langu, Somoe, kwa kuwa limejaa hizo hizo. Lakini nilikuwa nimetembea kutoka mbali, na mtu akikataliwa kazi Nachingwea ilimbidi arudi alikotoka, na mimi sikutaka kurudi. Basi nikasema la saba. Nikavijua vitabu kwa majalada yake. Kile chenye ng'ombe. Kile cha mtu mwenye kofia. Kile cha kijani cha kisomo cha watu wazima. Mteja akitaja jina la kitabu namsubiri Bi Skolastika aitikie, au namwambia mteja, "Angalia mwenyewe, chagua kwa raha zako." Watu wakasema yule msichana ana adabu.

Mji mzima uliamini wale wazee ni waganga. Mimi nilijua hivyo kabla sijamaliza mwezi, kwa maneno ya bombani. Bi Asumini Nakonde, aliyekuwa jirani yetu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa maneno hayo. "Wewe binti, vitabu vya kule kwenu vinanong'ona, au mimi nimezeeka masikio?" Vilikuwa mende. Mende walipita nyuma ya mataruma na kuchakarisha karatasi, na bati nalo likipoa jioni linalia. Lakini lililowamaliza watu ni moshi. Kila Jumamosi Mzee Bruno alifunga mlango wa duka, akachoma majani makavu ya mwarobaini kwenye kigae, akapitisha moshi kwenye kila rafu ili wadudu wasile karatasi. Sasa kwetu mtu anayefukiza kitabu ni nani? Kuna mganga wa mizizi, kuna mganga wa ngoma, na kuna mganga wa kitabu, ambaye ndiye anayeogopwa zaidi kwa kuwa hakuulizi kitu. Unakwenda kwake, unanyoosha miguu mkekani, unanyamaza, yeye anafungua kitabu na kitabu kinasema kilichokuleta. Nyumba imejaa vitabu, na Jumamosi vinafukizwa. Ningekuwa mimi bombani, ningesema vilevile.

Na Bi Skolastika mwenyewe hakusaidia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mteja akiingia hamwulizi anataka nini, anamtazama mikono. Kisha anakwenda kwenye rafu na kurudi na kitabu. Mzee Nandule, mlinzi wa ghala la korosho, alikuja kutaka kitabu chenye sala za kumlinda akiwa lindoni. Akapewa kitabu cha kufuga nyuki. Alikasirika, akaondoka nacho kwa kuwa alimwogopa mama, na miezi michache baadaye alikuwa na mizinga tisa na hakulinda tena ghala la mtu. Mji ukasema kitabu kilimwita. Nilimwuliza Bi Skolastika tukimenya ming'oko, vile viazi vya porini, uani, alijuaje. Akasema, "Vidole vyake vilikuwa vimeumwa na nyuki, vya zamani na vya juzi. Mtu anayeumwa na nyuki mara zote hizo anawapenda." Akaendelea kumenya. Nami nikaona bado ni uganga, ila wa namna nyingine.

Chakula cha nyumba ile nakikumbuka kuliko cha harusi yangu. Ugali wa mtama na mlenda Jumatatu, mbaazi za nazi nazi ikipatikana, kisamvu alichokitwanga Mzee Bruno mwenyewe kwa kuwa alisema mimi natwanga kama nagombana na mtu. Walikula pamoja, sahani moja, mke na mume, jambo ambalo Bi Asumini alilitaja kama ushahidi. Wakati wa kula Mzee Bruno alisimulia barabara. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba vitabu kwa baiskeli kwenye magulio, Ruangwa, Chinongwe, Mbwemkuru, kasha limefungwa nyuma kwa mipira. "Leo mtu mmoja kaniuliza, mzee, hicho kitabu kinatibu kiuno? Nikamwambia kinatibu, ukikikalia." Bi Skolastika hakucheka, ila aliisogeza nyama upande wa mumewe.

Esha alikuja msimu wa mabibo, joto kali, harufu ya mabibo yaliyooza mji mzima. Alikuwa mdogo kama mimi, labda mwaka mmoja mbele. Kwapani kuku jike mweupe, mkononi unga wa mtama umefungwa kwenye kitambaa. Hakusimama kwenye rafu. Alikaa chini sakafuni, akanyoosha miguu, akafunga mdomo. Mimi nikiwa nyuma ya ukuta wa fito nikajua mara moja amekuja kufunguliwa kitabu.

"Binti, unataka nini?" Bi Skolastika akamwuliza.

Kimya.

"Kuku nimemwona. Wewe unataka nini?"

"Kitabu kitasema, mama."

"Vyangu havisemi mpaka visomwe." Akaniita. "Somoe, mletee huyu chakula. Ametoka mbali."

Nilimletea ming'oko na chumvi. Alikula kama mtu aliyetembea tangu alfajiri, na kweli alikuwa ametembea kutoka Nkowe. Aliposhiba mdomo ukafunguka. Mumewe, Hamisi Mkwinda, alikwenda Tanga kukata mkonge, huu mwaka wa nne. Barua ilikuja moja tu, mwaka wa kwanza. Bahasha yake alikuwa nayo, kwenye fundo la kanga, imechakaa kama jani. Mjomba wake aliyeko Chinongwe anamtaka arudi nyumbani, na kuna mwanamume wa pale Nkowe, Selemani Ngulumbe, fundi baiskeli, amepeleka maneno kwa mjomba, tena mtu mpole hana makuu. "Mimi simkatai Selemani, mama, na simkatai Hamisi. Nataka kujua anarudi au harudi. Basi. Nikijua, nitalala."

Bi Skolastika aliichukua ile bahasha, akaigeuza nyuma, akaisoma, akamrudishia. Akatazama rafu zake mwisho mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kitabu chako hakijafika. Njoo Jumatano ya juma lijalo."

Bombani maneno hayo yalifika kabla ya mimi kufika na ndoo. Kitabu chake hakijafika. Wanawake walishika vifua. Kumbe kasha la vitabu lilikuwa Masasi linangoja gari, basi. Lilifika Jumatatu. Jumanne Bi Skolastika alikifungua kitabu kimoja chembamba chenye jalada la kahawia lisilo na picha, akakunja ukurasa mmoja kwenye pembe, akatia ndani bahasha mpya yenye stempu. Lakini jioni ile ile ikaja habari kwamba madarasa ya kisomo ya Ruangwa yanataka vitabu vyote vya kijani alivyonavyo, na gari lipo kesho alfajiri, na Mzee Bruno peke yake hawezi. Alfajiri Bi Skolastika, akiwa tayari amejifunga kanga ya safari, akanipa kile kitabu mkononi. "Akija yule binti wa Nkowe, msomee hapa nilipokunja. Wewe msomee tu, atajua la kufanya." Ningesema pale. Mlango ulikuwa wazi, gari linanguruma, ningesema mama, sijui kusoma. Neno dogo kama hilo. Nikasema, "Haya, mama."

Esha akaja. Akakaa chini, akanyoosha miguu. Nikakaa mbele yake mahali anapokaa mama, nikafungua pale palipokunjwa. Naukumbuka ule ukurasa kama ninavyokumbuka sura ya mtu aliyenidhulumu, kumbe mimi ndiye niliyemdhulumu. Maneno machache, mistari mifupi. Na katikati ya maneno, mahali patatu, nukta. Nukta nyingi zimepangwa mstari, hazina herufi. Nyumbani nilikwishamwona mganga akipiga ramli, anachoma nukta kwenye mchanga, nukta, nukta, nukta, kisha anazisoma. Nikajisemea, kumbe ni kweli. Kumbe Bi Asumini alikuwa na haki. Hapa ndipo penye dawa, na mama kaniachia mimi.

Esha alikuwa ananitazama mdomo. Sijui kama mtu amewahi kukutazama hivyo. Nikaweka kidole kwenye nukta, nikasema kwa sauti ya yule mganga wa nyumbani, polepole, "Mwenye safari yuko njiani. Njia yake ni ndefu, lakini uso ameuelekeza kwako. Usitoke kwenye nyumba aliyokuacha. Usihame, usiolewe. Atakukuta hapo hapo."

"Kinasema hivyo?"

"Ndivyo kinavyosema."

"Lini?"

Nikatazama nukta tena. "Lini hakisemi."

Akalia, lakini kile kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akauliza bahasha hii ya nini. Nami sikujua ya nini. Nikamwambia aichomeke juu ya mlango wake, upande wa ndani. Akabusu mkono wangu, mimi niliyemzidi kitu gani, akaacha kuku na unga, akachukua kitabu chake akaenda zake.

Bi Skolastika alirudi Ijumaa, vumbi mpaka kwenye kope. Hajakaa akamwona kuku.

"Wa nani huyu?"

"Wa yule binti wa Nkowe. Ameshukuru sana."

"Umemsomea?"

"Nimemsomea."

"Mkaandika?"

Sikuelewa swali. Nikasema, "Hakuwa na kalamu."

Alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama mikono, kama anavyomtazama mteja. Kesho yake akamtuma Mzee Bruno kwa baiskeli mpaka Nkowe na kuku kapuni. Mzee Bruno akarudi na kuku yule yule. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa fito, namsikia anakunywa maji kata nzima kabla ya kusema. "Hataki kusikia. Nimemwambia hukusomewa vizuri, nipe nikusomee. Kakikumbatia kama mtoto. Anasema, baba, mimi nimekwisha jibiwa, usinivurugie. Kakataa Selemani kwa mjomba wake, jana hiyo hiyo." Kisha Bi Skolastika akasema, "Mtu akishapewa jibu analolitaka, la pili halimwingii." Na Mzee Bruno akasema, "Sasa huyu wa humu ndani tunamfanyaje?" Nikashika kifurushi changu. Nilijua nafukuzwa.

Hawakunifukuza. Jumatatu asubuhi Bi Skolastika akakaa dukani, akaniita. "Somoe, miwani yangu sijui nimeiweka wapi. Hebu nitajie hii ni herufi gani." Miwani ilikuwa mfukoni mwa gauni lake, uzi unaning'inia nje, nauona. Nikamtajia e. "Na hii?" Nikanyamaza. "Hiyo ni s," akasema. "Iandike kwenye vumbi pale." Miwani ile ilipotea kila asubuhi, mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka mvua zikaja zikakolea. Hakuna siku aliyosema ulinidanganya. Alipoteza miwani tu. Nilisoma kile cha kijani, nikasoma kile cha ng'ombe, kumbe hakikuwa cha ng'ombe, kilihusu maziwa ya watoto. Nilisoma majina ya watakatifu kwenye misalaba ya chumbani kwangu. Siku niliyosoma ukurasa mzima bila kukwama, Mzee Bruno alitwanga kisamvu akatia karanga, tukala sisi watatu sahani moja. Bi Skolastika akaosha mikono, akasema kama anayezungumzia hali ya hewa, "Sasa utakwenda Nkowe mwenyewe. Ule ukurasa sikuambii una nini. Utausoma ukifika, mbele yake, na utamwambia."

"Nitakwenda, mama."

Ulikuwa mwendo wa siku moja. Nilisema nitakwenda mvua zikikatika. Zikakatika. Nikasema baada ya mavuno. Makasha ya vitabu yakaanza kuchelewa, kisha yakaacha kabisa kuja, na kabla ya mabibo kuiva tena wale wazee walifunga duka wakahamia kwa mtoto wao Masasi. Mataruma waliyaacha. Bi Skolastika aliponiaga hakunikumbatia, hakuwa mtu wa hivyo. Alisema, "Kazi niliyokuachia unaijua." Nikaolewa Ruangwa, nikazaa, nikazika. Nilipata habari ya kifo chake mwaka mzima baadaye, kutoka kwa mtu aliyeuza samaki.

Nami Esha nilikutana naye mara nyingi, hilo ndilo baya. Angekuwa mbali ningemsahau. Gulioni Ruangwa ananipigia kelele tangu kwenye nyanya, "Shoga yangu. Aliyenifungulia." Ananiletea kunde, ananiletea karanga mbichi, hanipi nafasi. Kila mara nilianza. Esha, kile kitabu. Naye ananishika mkono, "Bado, shoga, lakini juzi nimemwota." Ukimwona mtu amelijenga neno lako likawa nyumba, amelala ndani yake, utaanzia wapi kubomoa? Nilijiambia naogopa kumvunja moyo. Uzee umenifundisha kwamba nilikuwa najiogopea mimi. Hamisi hakurudi. Wengine walisema alionekana Muheza ana watoto, wengine walisema mkonge ulimla mapema. Sijui. Selemani Ngulumbe alingoja miaka sita akaoa kwingine.

Tulikwenda mazishini kwa bodaboda mbili, mimi na Nasra. Nyumba ya Esha ilikuwa ile ile aliyoachwa nayo. Watoto wa ndugu zake walikwishamwambia mara nyingi wamjengee ya matofali, alikataa, alisema Hamisi hatautambua mlango. Walibadilisha paa tu, na mlango akawakataza wasiuguse. Niliinama kuingia, nikainua macho, nikaiona. Juu ya mlango, upande wa ndani, imechomekwa kwenye ufa wa udongo, nyeusi kwa moshi wa miaka yote hiyo. Bahasha. Nikashika mwimo wa mlango, Nasra akadhani ni joto.

Nje watani walikuwa wanafanya kazi yao. Mmoja alijifunga kanga ya marehemu, akakaa mlangoni na mzigo kichwani akajifanya Hamisi. "Hodi, mke wangu, nimechelewa kidogo, gari lilipata pancha." Watu walicheka, hata wafiwa, ndivyo desturi ilivyo. "Tena nimerudi na njaa, mmepika ubwabwa?" Mimi sikuweza. Upande wa wanaume, kwenye benchi, niliona mzee mmoja naye hakucheka, ameweka mikono mapajani, vidole vyeusi kama vya mtu aliyeshika minyororo ya baiskeli maisha yote. Tulitazamana. Hakunijua, na mimi nilimjua.

Baada ya kuzika, Rukia, binti wa kaka yake Esha aliyemwuguza, akaniletea kitu kimefungwa kwenye kanga. "Bibi Somoe, shangazi alisema hiki arudishiwe mwenyewe. Alisema kilimweka mjini." Maana yake kilimpa moyo wa kuishi. Nikasema asante. Ungesema nini? Nikamwomba na ile bahasha ya mlangoni. Akapanda kwenye kigoda akaichomoa, udongo ukamwangukia machoni.

Sikukifungua siku ile wala ya pili. Siku ya tatu, barazani, mbaazi zikiwa kwenye ungo, nikampa Nasra. Macho yangu hayawezi tena chapa ndogo. Nilijifunza kusoma nikakawia mpaka macho yakaisha. Pembe ya ukurasa ilikuwa bado imekunjwa. Jalada lilikuwa limetoka, lakini ndani maandishi mazima. Nasra akageuza geuza. "Bibi, hiki si cha uganga. Ni kitabu cha kufundisha kuandika barua. Barua ya kuomba kazi, barua ya kumjulisha ndugu msiba, hivyo. Unajaza majina tu." Nikamwambia asome palipokunjwa. Akasoma, kwanza haraka haraka kama anavyosoma simulizi yake, halafu pole.

"Kwa mume wangu, nukta nukta. Nakusalimu. Mimi mzima, nyumba nzima. Nakuandikia kukuuliza neno moja. Kama unarudi, niambie ni mwezi gani, nikungoje. Kama hurudi, niambie pia, nami sitakukasirikia. Lakini usininyamazie, maana aliyenyamaziwa hawezi kukaa wala kuondoka. Nijibu nipate kuishi. Mimi mkeo, nukta nukta. Imeandikwa kwa niaba yake na, nukta nukta."

Mbele ya nyumba kuku walikuwa wanaparura, sikuwafukuza.

Anwani ilikuwa nyuma ya ile bahasha ya Hamisi, kwenye fundo la kanga yake Esha. Stempu ilikuwa kwenye bahasha. Bi Skolastika alikuwa amemaliza kazi yote, hakubakiza ila majina. Majina matatu. Na mimi, ambaye sijasahau jina la mtu tangu nizaliwe, niliyakalia yote matatu.

Nikamwambia Nasra alete kalamu.

"Bibi, tunamwandikia nani sasa? Si wameshakufa wote?"

"Lete kalamu, mwanangu."

Akaleta. Nikaweka kitabu pajani, nikasogeza jicho la kushoto mpaka pua ikagusa karatasi. Herufi zangu ni kubwa, zilipita nje ya nukta, zikapanda juu ya maneno ya chapa. Nikaandika Hamisi Mkwinda. Nikaandika Esha binti Chilembo. Mkono ukachoka, nikaupumzisha juu ya mbaazi. Nasra alikuwa amenyoosha shingo anangoja, akidhani nimemaliza.

Nikashika tena kalamu, na kwenye nafasi ya tatu nikaandika Somoe.